Ubongo, Fikra, Kumbukumbu na Tabia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Baadhi ya maswali haya hujibika kwa sentensi mbili. Mengine hayawezi kujibiwa bila kusimulia kisa kizima, kwa kuwa sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu ubongo imetokana na watu wachache walioumia au kufanyiwa upasuaji, kisha wakachunguzwa kwa subira kwa miaka mingi.

Je, fikra hutoka moyoni au ubongoni?

Hutoka ubongoni, ingawa Kiswahili chenyewe kina msimamo mwingine: jambo hutukaa moyoni, shairi tunalihifadhi kwa moyo, na mtu asiyesahau ubaya aliotendewa huambiwa ameweka kinyongo moyoni. Hatuko peke yetu katika hilo, kwani hata Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliamini kwamba makao ya akili ni moyo, na kwamba ubongo kazi yake ni kupoza. Ubishi huo huisha ukilinganisha kinachotokea viungo hivi viwili vinapoguswa. Tangu mwaka 1967, moyo wa binadamu mmoja ulipopandikizwa kwa mwingine kwa mara ya kwanza, maelfu ya watu wameishi kwa mioyo ya wenzao, na wameamka na majina yao, lugha zao na madeni yao yale yale. Lakini bonge dogo la damu likiziba mshipa mmoja wa ubongo, mtu anaweza kupoteza uwezo wa kusema ndani ya dakika chache, huku moyo wake ukiendelea kupiga kama kawaida.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takribani kilo 1.3 hadi 1.4, yaani kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati ambayo mwili hutumia ukiwa umepumzika.

Chembe za ubongo huwasilianaje?

Ubongo wa binadamu una chembe za neva takribani bilioni 86, na moja inaweza kuunganika na maelfu ya nyingine. Ndani ya chembe moja ujumbe husafiri kama msukumo wa umeme, na katika nyuzi nene zilizofunikwa kwa utando wa mafuta kasi yake inaweza kuzidi mita 100 kwa sekunde. Msukumo huo ukifika mwisho wa uzi, kwa kawaida hauvuki kama umeme. Hukuta mwanya mwembamba mno, na pale ambapo chembe mbili hukutana kwa namna hiyo huitwa sinapsi. Chembe ya kwanza humwaga kemikali kwenye mwanya, nazo huenda kunasa kwenye vipokezi vya chembe ya pili. Zipo kemikali zinazoichochea chembe hiyo itoe msukumo wake, na zipo zinazoizuia. Chembe inayopokea hujumlisha maelfu ya vichocheo na vizuizi kwa wakati mmoja, na ikiwa jumla imefika kiwango fulani, nayo hutoa msukumo.

Kukubalika kwa picha hiyo hakukuwa rahisi. Camillo Golgi, aliyevumbua njia ya kuzitia rangi chembe za neva ili zionekane kwenye hadubini, alishikilia kwamba ubongo ni wavu mmoja ulioungana. Santiago Ramón y Cajal, kwa kutumia rangi hiyo hiyo ya Golgi, aliona kwamba kila chembe inajitegemea. Mwaka 1906 walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja, na Golgi akaitumia hotuba yake ya tuzo kuupinga msimamo wa mwenzake. Aliyekuwa sahihi ni Cajal.

Sinapsi ndilo jambo la kushika hapa. Kujifunza, kukumbuka, kuogopa na kuzoea ni mabadiliko yanayotokea kwenye sinapsi, na kwa hiyo kifaa tunachofikiria nacho ndicho hicho hicho kinachobadilika kila tunapofikiri.

Je, kila sehemu ya ubongo ina kazi yake maalumu?

Kwa kiasi fulani. Mwaka 1861 daktari wa Ufaransa, Paul Broca, alimpokea mgonjwa ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka karibu neno lolote zaidi ya silabi "tan", ingawa alielewa alichoambiwa. Baada ya mgonjwa huyo kufariki, Broca alikuta jeraha katika sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kushoto. Mwaka 1874 Carl Wernicke alieleza hali iliyo kinyume: wagonjwa walioumia sehemu ya nyuma zaidi, upande huo huo, waliozungumza kwa ufasaha wa sauti lakini maneno yao hayakuleta maana, na maneno ya wengine hawakuyaelewa vyema.

Hata hivyo, ramani za rangi tunazoziona vitabuni, zenye sanduku la lugha hapa na sanduku la hisia pale, hurahisisha mambo kupita kiasi. Kusoma sentensi moja hushirikisha maeneo ya kuona, ya sauti, ya maana na ya kuongoza macho, yote yakipashana habari kwa sehemu ndogo za sekunde. Ni sahihi zaidi kusema kwamba sehemu fulani ni kiungo muhimu katika mnyororo wa kazi fulani, kuliko kusema kwamba kazi hiyo inakaa hapo.

Je, ni kweli kwamba tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo wetu?

Hapana. Picha za utendaji wa ubongo huonyesha maeneo yote yakifanya kazi katika mwendo wa siku, hata usingizini, na hakuna asilimia 90 inayoweza kuumia bila mtu kudhurika. Wanaoendelea kuieneza dhana hii mara nyingi huwa na kitu cha kuuza.

Kuna watu wa ubongo wa kushoto na watu wa ubongo wa kulia?

Hakuna ushahidi wa maana kwamba watu wamegawanyika hivyo. Ni kweli kwamba kazi nyingine huegemea upande mmoja, na lugha kwa watu wengi huegemea kushoto, lakini pande mbili za ubongo zimeunganishwa na mkanda mnene wa nyuzi, na kwa mtu mzima wa afya hushirikiana katika karibu kila jambo, iwe ni kupiga hesabu au kuchora.

Dhana hiyo ilitokana na kazi ya kweli ya Roger Sperry, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, iliyohusu wagonjwa waliokatwa mkanda huo ili kupunguza kifafa kikali. Kazi hiyo inastahili swali lake yenyewe, kwa kuwa ilifichua jambo kubwa kuliko habari ya kushoto na kulia.

Je, huwa tunajua sababu za kweli za matendo yetu?

Si mara zote, na wagonjwa wa Sperry ndio waliotuonyesha. Michael Gazzaniga, mwanafunzi wake, aliendelea na majaribio hayo. Katika jaribio moja, mgonjwa alioneshwa picha mbili kwa wakati mmoja. Upande wa kushoto wa ubongo, wenye uwezo wa kusema, ulioneshwa ukucha wa kuku. Upande wa kulia, usioweza kusema, ulioneshwa nyumba iliyozingirwa na theluji. Kisha mgonjwa alipewa picha nyingine achague zinazohusiana na alichoona. Mkono wa kulia, unaoongozwa na upande wa kushoto, ulichagua kuku. Mkono wa kushoto ulichagua sepetu ya kuzolea theluji.

Alipoulizwa kwa nini amechagua sepetu, upande unaosema haukuwa na habari yoyote kuhusu theluji, kwa kuwa mkanda wa kuzipitishia ulikuwa umekatwa. Jibu la haki lingekuwa "sijui." Mgonjwa hakusita: alieleza kwamba ukucha unaendana na kuku, na sepetu inahitajika kusafishia banda la kuku. Hakuwa anadanganya. Aliuona mkono wake umetenda jambo, na ubongo wake ukamtengenezea sababu inayoingia akilini, naye akaiamini.

Si sahihi kudai kwamba sisi sote tuko hivyo kila saa. Lakini jaribio hili lapaswa kumpunguzia mtu uhakika kila anapotoa maelezo laini, yasiyo na kasoro, ya kwa nini alinunua kitu fulani au alimkasirikia mtu fulani.

Kumbukumbu huhifadhiwa wapi?

Mwaka 1953, huko Hartford nchini Marekani, daktari William Scoville alimfanyia upasuaji kijana wa miaka 27 aliyesumbuliwa na kifafa kisichosikia dawa. Alimwondolea sehemu za ndani za ubongo zilizo usawa wa masikio, pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi, kiungo kilichojikunja kama farasi wa baharini, na jina lake lina maana hiyo. Kifafa kilipungua sana. Lakini kijana huyo, Henry Molaison, aliyejulikana katika maandishi ya kitabibu kwa herufi H.M. hadi alipofariki mwaka 2008, hakuweza tena kuhifadhi tukio jipya. Alizungumza kwa adabu na akili timamu, alikumbuka mambo ya utotoni, na aliweza kushika tarakimu chache kwa muda mfupi. Akikengeushwa kidogo, mazungumzo yote yalifutika. Watafiti waliofanya kazi naye kwa miongo kadhaa walilazimika kujitambulisha upya kila walipokutana.

Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota: afuate mistari ya nyota kwa kalamu, huku akiuona mkono wake kupitia kioo tu. Ni kazi ya kuudhi, kwa sababu kioo hugeuza mwelekeo na mkono hukimbilia upande usiotakiwa. Kwa siku 3 mfululizo Molaison alifanya zoezi hilo, na makosa yake yalipungua siku hadi siku kama ya mtu mwingine yeyote. Siku ya tatu alichora vizuri, ilhali hakukumbuka kuwahi kuiona kazi hiyo. Mkono ulikuwa umejifunza na mwenyewe hakuwa na habari.

Kisa kingine ni cha zamani zaidi. Daktari wa Uswisi, Édouard Claparède, aliyeandika kukihusu mwaka 1911, alikuwa na mgonjwa mwanamke asiyeweza kumkumbuka kutoka siku moja hadi nyingine. Siku moja alificha pini kati ya vidole vyake na kumchoma walipopeana mkono. (Leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingemruhusu.) Siku iliyofuata mwanamke huyo hakumtambua daktari, lakini aliponyooshewa mkono aliurudisha wake nyuma. Alipobanwa aeleze sababu, alisema tu kwamba huenda mtu akaficha pini mkononi.

Kwa hiyo hakuna chumba kimoja cha kumbukumbu. Hipokampasi inahitajika ili kuyashika matukio na mambo ya kusimulika. Ustadi wa mikono na mazoea hutegemea zaidi viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo pamoja na ubongo mdogo ulio kisogoni, na hofu hutegemea kiini kidogo kiitwacho amigdala. Matukio ya zamani, kwa sehemu kubwa, yametawanyika katika gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, katika maeneo yale yale yaliyoshughulika tukio lilipotokea: sura mahali pa kuona, sauti mahali pa kusikia. Ndiyo maana Molaison aliendelea kuwa na utoto wake.

Kumbukumbu moja hujengekaje?

Mwaka 1949 Donald Hebb alipendekeza kwamba chembe moja ikishiriki tena na tena kuichochea nyingine, muunganiko kati yao huimarika. Wakati huo lilikuwa wazo tu. Mwaka 1973 Tim Bliss na Terje Lømo walichapisha ushahidi kutoka kwa sungura: waliposisimua njia fulani ya hipokampasi kwa mfululizo wa haraka, mwitikio wa sinapsi ulikua na kubaki hivyo kwa saa nyingi. Eric Kandel naye, katika konokono mmoja wa baharini mwenye chembe za neva kubwa na chache, alionyesha kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hubadilisha nguvu ya sinapsi zilizopo, ilhali ya muda mrefu hudai protini mpya na hata sinapsi mpya. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Tofauti na kitabu kilichopangwa kwenye rafu, basi, kumbukumbu ni njia iliyolimwa kwa kupitwa, na njia moja hukatiza nyingine. Harufu moja inaweza kukurudishia mchana mzima wa miaka 20 iliyopita, kwa sababu kipande kimoja cha mtandao kikiamshwa, huvuta vilivyobaki.

Kwa nini ninaweza kuwa na uhakika kamili wa jambo ambalo halikutokea?

Kwa sababu kukumbuka ni kujenga upya. Ubongo hukusanya vipande vilivyopo na kuziba mapengo kwa yale ambayo kwa kawaida hutokea, au yale uliyosikia baadaye, na haukuwekei alama kuonyesha kipi ni kipi.

Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza mwendo wa magari hayo kwa kubadili kitenzi kimoja tu. Walioulizwa magari yalikwenda kasi gani "yalipopondana" walikadiria, kwa wastani, kama kilomita 66 kwa saa. Walioulizwa kuhusu magari "yalipogusana" walikadiria kama kilomita 51. Katika jaribio la pili, watazamaji wengine waliitwa tena baada ya wiki moja na kuulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Filamu haikuwa na kioo kilichovunjika. Kati ya watu 50 waliosikia kitenzi kikali, 16 walisema waliviona. Kati ya 50 waliosikia kitenzi cha kawaida cha kugongana, ni 7 tu.

Jambo hili lina uzito wake mahakamani, na lina uzito pia katika ugomvi wa nyumbani. Watu wawili wanaosimulia jioni moja kwa namna mbili si lazima mmoja wao awe mwongo. Kila mmoja ameisimulia hadithi yake mara nyingi, na kila alipoisimulia aliigusa, akairekebisha kidogo, akaihifadhi upya. Uthabiti wa sauti ya msimulizi si kipimo cha ukweli wa anachosimulia.

Kwa nini ninaingia chumbani na kusahau nilichofuata?

Kwa sababu nia hiyo ilikuwa mahali penye nafasi finyu. Kumbukumbu ya kazi, yaani ile inayoshika kinachotumika sasa hivi, ina uwezo mdogo mno: mwaka 1956 George Miller alitaja vitu 7, zaidi au pungufu kwa 2, na makadirio ya baadaye yameshuka hadi karibu 4. Umeinuka kufuata mkasi. Njiani ukafikiria ujumbe ambao hujaujibu. Mlangoni ukaona taa inawaka bila sababu. Mkasi umesukumwa nje. Ukirudi ulikokuwa umekaa, mara nyingi nia hurudi, kwa kuwa mazingira ya pale ni sehemu ya mtandao uliokuwa umeishika.

Ni njia gani inayosaidia zaidi kukumbuka ninachojifunza?

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe kwa miaka, akikariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha matokeo. Kwa kipimo chake, zaidi ya nusu ya alichokariri ilikuwa imepotea ndani ya saa moja, na karibu theluthi mbili baada ya siku moja. Aligundua pia kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hushinda marudio yaliyolundikwa kwa mkupuo mmoja. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa methali ina ushahidi wa maabara.

Linalopuuzwa zaidi ni kujiuliza. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma kifungu tena na wale waliofunga kifungu na kujaribu kukiandika kutoka kichwani. Dakika 5 baadaye, waliorudia kusoma ndio waliofanya vizuri zaidi. Wiki moja baadaye, walioongoza ni wale waliojijaribu. Mtego uko hapo: kusoma tena hukupa hisia tamu kwamba unajua, kwa sababu maneno yamekuwa mepesi machoni, ilhali kuvuta jibu kutoka kichwani huumiza na hukufanya ujione mjinga. Wanafunzi wengi huchagua utamu.

Usingizi una uhusiano gani na kumbukumbu?

Mkubwa. Mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton walirekodi chembe za hipokampasi za panya waliokuwa wakitembea mahali fulani, chembe ambazo kila moja huamka mnyama anapofika sehemu yake. Panya walipolala, chembe zilizoamka pamoja wakati wa matembezi ziliamka pamoja tena. Maelezo yanayokubalika kwa upana ni kwamba usiku hipokampasi hulirudia jambo la mchana na kulishirikisha gamba la ubongo polepole, mpaka liweze kujitegemea. Anayekesha kusoma usiku wa kuamkia mtihani anajinyima saa ambazo ubongo ungezitumia kulipanga somo lenyewe. Mtu mzima anashauriwa kulala angalau saa 7.

Kwa nini hofu hubaki hata ninapojua kwamba hakuna hatari?

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Waliotunga methali hiyo walieleza kazi ya amigdala kwa usahihi wa kutosha. Kiini hiki, chenye ukubwa na umbo la lozi, hujifunza haraka kuhusisha ishara na maumivu, na huamuru moyo kwenda mbio na misuli kukaza kabla maeneo ya fikra pevu hayajamaliza kutambua kwamba kile ni ukindu tu. Kwa upande wa kuishi ni mpango wenye busara: kushtuka bure kunagharimu kidogo, kutoshtuka kunaweza kugharimu uhai.

Kinachowavunja watu moyo ni kwamba hofu iliyopungua inaweza kurudi. Mtu anayejizoesha hatua kwa hatua kukikabili anachokiogopa, na hiyo ndiyo tiba yenye mafanikio makubwa, kwa kawaida hafuti fundisho la zamani. Hujenga fundisho jipya la usalama juu yake, ambapo sehemu ya mbele ya ubongo huituliza amigdala. Mazingira yakibadilika au msongo wa mawazo ukizidi, la zamani linaweza kuchungulia tena. Hilo likitokea, tiba haikuwa ya bure; fundisho la usalama linahitaji kurudiwa tu, na mara ya pili huwa jepesi.

Kwa nini ni vigumu hivyo kuacha mazoea?

Kwanza, kwa sababu mazoea huhama. Anayejifunza kuendesha gari hufikiria kila jambo: klachi, gia, kioo, mguu. Mwaka mmoja baadaye hufika nyumbani bila kukumbuka kona hata moja. Kazi imehamia kwenye viini vya ndani, vinavyouchukua mlolongo mzima kama kitendo kimoja kinachoanzishwa na ishara. Faida yake ni kubwa, kwani akili hubaki huru kwa mambo mengine, lakini viini hivyo havichagui kati ya zoea jema na baya.

Pili, kuna dopamini, kemikali ambayo watu wengi huiita ya raha, jina lisiloitosha. Wolfram Schultz alirekodi chembe za dopamini za nyani waliopewa matone ya juisi. Mwanzoni chembe ziliwaka juisi ilipofika. Nyani walipojifunza kwamba taa hutangulia juisi, chembe ziliwaka kwa taa, na juisi yenyewe, sasa ikiwa imetarajiwa, haikuleta mwitikio. Taa ilipowaka na juisi ikakosekana, chembe zilinyamaza wakati ule ule ambao juisi ingefika. Dopamini hiyo ilikuwa inapima tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana.

Mlio wa simu hukuvuta kuliko ujumbe wenyewe kwa sababu hiyo hiyo. Ndiyo maana pia ushauri wa "jikaze tu" ni dhaifu: nia hupambana na zoea likiwa limekwisha kuamka, ilhali ni rahisi zaidi kuiondoa taa, yaani ishara inayoliamsha. Katika uraibu wa dawa za kulevya hali ni nzito zaidi, maana dawa nyingi hupandisha dopamini moja kwa moja. Huo ni ugonjwa unaohitaji tiba, na lawama haijawahi kuutibu.

Je, jeraha la kichwa linaweza kubadilisha tabia ya mtu?

Linaweza. Kisa mashuhuri ni cha Phineas Gage, msimamizi wa wajenzi wa reli karibu na Cavendish, katika jimbo la Vermont nchini Marekani. Tarehe 13 Septemba 1848, akiwa na umri wa miaka 25, alikuwa akishindilia baruti mwambani ilipolipuka, na fimbo ya chuma yenye urefu wa zaidi ya mita 1 na uzito wa karibu kilo 6 ikaingia chini ya shavu la kushoto na kutokea utosini. Hakufa, na muda mfupi baadaye alikuwa akizungumza. Daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba mtu aliyekuwa mtulivu na mwenye kutegemewa aligeuka kuwa mwenye matusi, kigeugeu na asiyejali wenzake, kiasi cha marafiki kusema si Gage tena.

Simulizi nyingi huishia hapo, na nadhani zinamwonea. Baadaye Gage alifanya kazi kwa miaka kadhaa nchini Chile akiendesha magari ya abiria yanayovutwa na farasi, kazi inayodai ratiba, uangalifu na kuelewana na watu. Alifariki mwaka 1860. Inaelekea alipata nafuu kubwa kuliko hadithi yake inavyokubali.

Kwa nini vijana huamua mambo kwa pupa?

Sehemu ya mbele kabisa ya ubongo, inayopima matokeo ya mbali na kuzuia misukumo, ni miongoni mwa zinazochelewa kukomaa, na huendelea kujengeka hadi miaka ya ishirini na kitu. Mifumo ya hisia na zawadi hutangulia. Kijana aliyetulia peke yake anaweza kupima hatari vizuri kama mtu mzima. Mweke mbele ya wenzake, na mizani hubadilika.

Je, ubongo wa mtu mzima bado hubadilika?

Hubadilika. Ili kupata leseni ya teksi mjini London, dereva hukariri maelfu ya mitaa kwa miaka kadhaa. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake waligundua kwamba madereva hao wana sehemu ya nyuma ya hipokampasi iliyo kubwa kuliko ya watu wengine. Je, kazi ndiyo iliyoikuza, au wenye hipokampasi kubwa ndio wanaofaulu? Utafiti wa 2011 uliwafuatilia wanagenzi tangu mwanzo: ongezeko lilionekana kwa waliofaulu, na mwanzoni hawakutofautiana na walioshindwa. Jambo lisilotajwa mara nyingi ni kwamba waliofaulu walifanya vibaya zaidi katika kipimo kimoja cha kukumbuka mchoro mpya.

Nitajuaje kwamba kusahau kwangu ni ugonjwa?

Kusahau ulikoweka ufunguo, au jina linalokujia nusu saa baadaye, ni jambo la kawaida, na huongezeka kiasi kwa umri. Ni tofauti kushika ufunguo na kutojua ni wa nini, kupotea katika njia unayoipita kila siku, kurudia swali lile lile mara kadhaa ndani ya saa moja, au kushindwa kusimamia fedha ambazo mtu alizisimamia maisha yake yote. Mara nyingi wanaoona kwanza ni jamaa, huku mwenyewe akisema hana tatizo. Hapo ni vyema kumwona daktari mapema, kwa kuwa baadhi ya visababishi hutibika, vikiwemo upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, sonona na athari za dawa nyingine.

Mabadiliko ya ghafla ni suala jingine. Uso ukining'inia upande mmoja, mkono ukilegea, au maneno yakivurugika ghafla, hicho huenda ni kiharusi. Angalia saa ulipoiona dalili ya kwanza, mfikishe mgonjwa hospitalini bila kuchelewa, na uwaambie madaktari saa hiyo, kwa sababu baadhi ya dawa za kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa chache tu tangu dalili zilipoanza.